Programu Ikigoma: Jinsi ya Kuuliza Upate Msaada



Katika matawi yetu ya mashamba ya chai na ya viwandani wako wanachama ambao jioni, baada ya kazi, wanajifunza kuiandikia kompyuta programu. Wengine hutumia kompyuta kuukuu iliyo katika ofisi ya tawi, wengine hutumia simu zao. Hawajifunzi ili waonekane wasomi. Wanajifunza kwa sababu siku hizi kilo za majani, saa za kazi na makato, vyote hupita ndani ya kompyuta ya mwajiri kabla havijawa shilingi. Asiyejua hesabu hiyo inavyofanywa hupokea anachopewa, akatia sahihi, akaenda zake nyumbani.

Wanachama hao huleta maswali kwetu, na maswali mengi huja hivi: "Kompyuta imekataa." "Programu yangu imegoma." "Nimefanya kama mlivyosema, lakini wapi." Swali la namna hiyo sisi hatuwezi kulijibu, wala fundi aliyeko Kampala hawezi, wala mtaalamu wa ng'ambo hawezi. Kwa hiyo katika ukurasa huu tunapenda kueleza programu ni kitu gani, ni makosa gani humkuta anayeanza, na namna ya kuuliza ili mtu asaidiwe siku ile ile badala ya kukaa mwezi mzima na kidonda chake.

Wako wanaosema ngamizi na wako wanaosema tarakilishi. Sisi tutasema kompyuta, maana ndivyo watu wanavyosema pale kwenye mizani.

PROGRAMU NI NINI

Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa mpangilio, mstari baada ya mstari. Kompyuta husoma mstari wa kwanza ikautenda, kisha wa pili ikautenda, hivyo hivyo mpaka mwisho. Haina akili ya kukisia. Karani wa mizani ukimwambia ahesabu vikapu vyote, atahesabu na kile kilichobaki nyuma ya trekta. Kompyuta itahesabu vile ulivyoitajia tu, na ukiitaja kimoja mara mbili itakihesabu mara mbili bila kushtuka.

Kwetu sisi watu wa chai jambo hili lina historia yake. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kila siku za ofisi ya biashara iliundwa na kampuni ya Uingereza, J. Lyons, iliyokuwa ikiuza chai na keki na kuendesha mikahawa mjini London. Mashine hiyo waliiita LEO. Mwaka 1951 ilianza kufanya hesabu za mikate na keki, na miaka michache baadaye ikawa inakokotoa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni. Basi mshahara kupigiwa hesabu na mashine ni jambo la zaidi ya miaka 70. Kilichobadilika ni kwamba leo mfanyakazi naye anaweza kuwa na mashine mfukoni, akaipa hesabu ile ile aliyopewa ya mwajiri, akalinganisha.

Lugha ya kuandikia programu ambayo wanachama wengi huanzia inaitwa Python. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Guido van Rossum, na ilitolewa kwa watu mwaka 1991. Jina lake halikutoka kwa chatu, lilitoka kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. Hailipiwi. Maneno yake maalumu ya amri ni 35 tu, na kwa hesabu ya kilo utahitaji mawili matatu. Maneno hayo ni ya Kiingereza, lakini aliyeishia darasa la nne anaweza kuyakariri kama alivyokariri majina ya dawa za kunyunyiza shambani. Majina mengine unayaweka mwenyewe, kwa Kiswahili ukitaka.

Tuchukue mfano ambao tumeutumia darasani. Hizi ni kilo za mchumaji mmoja kwa wiki moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, kama alivyoziandika katika daftari lake pale pale kwenye mizani. Bei tuseme shilingi 100 kwa kilo, ili hesabu iwe rahisi.

kilo = [31.5, 28.7, 35.2, 30.9, 27.6, 22.8]
jumla = 0
for k in kilo:
    jumla = jumla + k
print(jumla * 100)

Mstari wa kwanza ni orodha ya kilo. Wa pili unaweka debe tupu, tumeliita jumla. Wa tatu unasema: chukua kila namba katika orodha, moja moja, uiite k. Wa nne unaitia ile k ndani ya debe. Mstari huo wa nne umesogezwa ndani kidogo, na kusogezwa huko ni lazima, maana ndiko kunakoionyesha kompyuta kwamba kazi hiyo irudiwe kwa kila siku. Wa tano unaandika jibu. Kwa kalamu jumla ni kilo 176.7, yaani shilingi 17,670.

Mistari mitano tu. Lakini tumeona watu wazima wenye akili timamu wakikaa nayo jioni tatu.

MAKOSA YANAYOWAKUTA WANAOANZA

Mwanachama mmoja alipata shilingi 2,280. Akasema kompyuta ni mbovu. Tulipomwambia agawe jibu lake kwa 100 alipata 22.8, na hizo ni kilo za Jumamosi peke yake. Katika mstari wa nne alikuwa ameandika jumla = k badala ya jumla = jumla + k. Kila siku mpya ilimwaga debe la jana na kutia kikapu kipya, mpaka ikabaki Jumamosi. Jibu lake lilikuwa baya, lakini lilikuwa limebeba habari. Anayeanza hulifuta jibu baya upesi kama aliyefanya aibu, kumbe angelitazama vizuri lingemwonyesha mahali pa kuchimba.

Mwingine hakupenda kwenda kwa orodha, alitaka kuzihesabu siku kwa namba. Siku ni sita, kwa hiyo aliandika range(1, 6), akidhani anasema "kuanzia siku ya 1 mpaka ya 6", na kila siku akachukua kilo[siku]. Akapata kilo 145.2. Huyu tulimfundisha ujanja wa makarani wa zamani: toa jibu ulilopata katika jibu la kalamu, halafu tafuta tofauti hiyo katika namba zako. Kutoa 145.2 katika 176.7 kunabaki 31.5. Ni Jumatatu. Jumatatu ilikuwa imepotea.

Akabadilisha 6 akaandika 7. Sasa kompyuta ikakataa kabisa na kuandika: IndexError: list index out of range. Maana yake ni kwamba umeiomba kitu kilichoko nje ya orodha. Sababu ni mbili na zinakuja pamoja. Kwanza, kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Ni kama nyumba za ghorofa: chumba cha chini hakiitwi ghorofa ya kwanza, ya kwanza ni ile iliyo juu yake. Jumatatu ni siku ya 0 na Jumamosi ni siku ya 5. Pili, range huishia kabla ya namba ya mwisho, haiifikii. Kwa hiyo range(1, 6) ilimpa 1, 2, 3, 4 na 5, yaani Jumanne mpaka Jumamosi. Alipotia 7 ilitafuta siku ya 6, ambayo haipo. Anayetaka siku zote sita aandike range(6) akae kimya.

Kosa la tatu tunalieleza kwa ajili ya wenzetu waliosoma Burundi, Rwanda au Kongo katika shule za Kifaransa. Huko kilo thelathini na moja na nusu huandikwa kwa koma: 31,5. Ndugu mmoja aliandika orodha yake yote hivyo. Kompyuta haikugoma, haikulalamika, ikampa kilo 210. Kwa Python koma inatenganisha vitu viwili, kwa hiyo 31,5 ikawa 31 na 5, na siku sita zikawa namba kumi na mbili. Ukizijumlisha zote unapata 210 kamili. Kosa hili ni la hatari kuliko yale yanayogoma, kwa sababu jibu lilimpendelea yeye. Lau tungekwenda mbele ya meneja na kilo 210 mkononi, angetoa daftari la mizani, angecheka, na siku hiyo hata madai yetu ya haki yangezikwa pamoja na lile. Andika nukta, usiandike koma, na jibu likikufurahisha lihesabu tena kwa kalamu.

Liko na kosa la maneno na namba. Programu ikikuomba uandike kilo kwa kibodi, kile unachoandika inakipokea kama maneno, si namba, hata kama ni tarakimu tupu. Ukijumlisha 31 na 28 za namna hiyo utapata 3128, kwa maana imeyagandisha maneno mawili. Ukijumlisha namba na maneno itakataa, itaandika TypeError na kutaja int na str. Ya kwanza ni namba nzima, ya pili ni maneno. Dawa yake ni kuzigeuza kwanza ziwe namba, na kwa kilo zenye nukta utatumia float.

Kwa upande wa viwandani, saa ndizo zinazosumbua. Mlinzi wa usiku alitaka kupiga hesabu ya zamu yake. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Akaiambia kompyuta itoe saa ya kuingia katika saa ya kutoka, ikampa sifuri. Mwenzake akamshauri aandike saa za Kizungu, 18 na 6. Ikatoka -12, maana yake mlinzi amekesha usiku kucha na bado anadaiwa saa kumi na mbili. Darasa zima lilicheka, na yeye pia. Saa ni za Kizungu, sawa, lakini lazima uongeze agizo moja: jibu likiwa chini ya sifuri, jumlisha 24. Hapo inatoka 12. Na wale wanaoandika saa saba na nusu kuwa 7.30 waelewe kwamba kompyuta haijui kuwa hizo ni dakika. Kwake 7.30 ni saa saba na sehemu tatu za kumi, yaani saa saba na dakika 18. Umepoteza dakika 12 kwa siku kwa mkono wako mwenyewe. Saa saba na nusu ni 7.5.

Mwisho katika makosa haya ni kitu kinachotisha watu lakini si kosa lao. Wakati mwingine jibu hutoka na mkia mrefu. Jaribu kuiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakuandikia 0.30000000000000004. Hakuna aliyeiba wala aliyeongeza. Kompyuta hutunza namba kwa mafungu ya mbili mbili, na sehemu moja ya kumi haikai sawasawa katika mafungu hayo, kama vile 10 kugawa kwa 3 isivyokwisha. Mkia huo mdogo uache.

NAMNA YA KUULIZA

Sasa tazama jinsi sisi wenyewe tunavyopokea malalamiko katika chama. Mfanyakazi akija akasema "nyapara ananionea," mwakilishi hawezi kwenda nalo ofisini. Atamwuliza: siku gani? Ulikuwa wapi? Alisema maneno gani? Kilo ulizopima ni ngapi, na zilizoandikwa ni ngapi? Karatasi iko wapi? Nani alikuwapo? Akishapata hayo anakwenda, na mara nyingi anarudi na jambo. Swali la programu ni hivyo hivyo.

Mwenzako anayekusaidia anahitaji kujua ulitaka nini, uliandika nini, ulitarajia nini na umepata nini. Ulichoandika kinakiliwe kama kilivyo, nukta kwa nukta, nafasi kwa nafasi. Usikiandike kwa kukumbuka, maana kichwa hurekebisha kosa bila kukuambia, na unayemwuliza ataona programu nzuri isiyo na ugonjwa. Maneno ya kompyuta inapokataa nayo yaletwe yote, pamoja na namba ya mstari iliyotajwa. Wengi huyaogopa kwa sababu ni ya Kiingereza na wanayafunga upesi. Yasomeni kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa katika Python mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa. Na wakati mwingine namba ya mstari inayotajwa si penye kosa hasa: mabano yaliyoachwa wazi mstari wa 4 yanaweza kuleta kelele mstari wa 5. Basi angalia na mstari wa juu yake.

Yule ndugu aliyepoteza Jumatatu, baada ya kufundishwa, aliandika swali lake hivi:

"Nataka kujumlisha kilo za siku sita. Programu yangu nimeinakili hapa chini yote. Kwa kalamu nimepata 176.7. Kompyuta inatoa 145.2. Nilibadilisha 6 kuwa 7 ikaandika IndexError: list index out of range, mstari wa 4. Natumia simu."

Swali hilo lilijibiwa kabla chai haijapoa. Ukilipeleka kwa mtu asiyekujua, aliye mbali, naye atalijibu, kwa sababu hana haja ya kukuuliza jambo la pili.

Jambo jingine ni kupunguza. Kama programu yako ni ya wachumaji 400 na mwezi mzima, usimletee mtu mzigo wote huo. Ondoa watu, abaki mmoja. Ondoa siku, zibaki mbili. Kila unapopunguza endesha tena uone kama kosa bado lipo. Likitoweka, basi lilikuwa katika kile ulichokiondoa mwisho. Nusu ya maswali yanayoandaliwa hivi hayafiki kwetu kamwe, mwenyewe hulijibu njiani.

Halafu kuna siri za watu. Majina ya wanachama, namba zao za kazi na mishahara yao visitoke nje ya tawi kwa ajili ya kuomba msaada. Badala ya jina andika mchumaji 1, mchumaji 2. Tumieni kilo za madaftari yenu na karatasi zenu za malipo. Asiwepo mtu wa kunakili faili katika kompyuta ya mwajiri, hata kama karani ni shemeji yake. Kazi inaweza kupotea kwa hilo, na chama kitapata shida kumtetea.

Siku hizi ziko programu katika simu unazoweza kuziuliza jambo kwa Kiswahili nazo zikajibu, na zikakuandikia hata programu nzima. Zina msaada wake, hasa usiku ambapo hakuna wa kumwuliza. Lakini hujibu kwa ujasiri ule ule zinapopatia na zinapokosea. Jibu lake lipimwe kwa siku mbili za kalamu kabla ya kuliamini.

Na kwa wanaosaidia, hasa vijana: msimnyang'anye mtu kibodi. Katika darasa moja mama mmoja mchumaji alikwama, kijana akaingia, vidole vikaruka, kosa likaisha, kijana akaenda. Jumamosi iliyofuata mama alikwama pale pale. Tangu siku hiyo tumeweka sharti kwamba anayesaidia aweke mikono nyuma na kutumia mdomo. Wala asicheke mpaka mwenye kosa acheke kwanza.

KILO TATU NA NUKTA SABA

Huyo mama ndiye mwenye daftari la kilo tulilolitumia hapo juu. Baada ya wiki kadhaa programu yake ilikuwa inakwenda, ikitoa 176.7. Akaja na swali jipya, amelipanga vizuri: "Natarajia 173, maana ndizo zilizo katika karatasi yangu ya malipo. Napata 176.7. Nimekosea wapi?"

Tulikagua mistari yake yote mitano. Hakuwa amekosea mahali popote. Hapo tukaligeuza swali: ni agizo gani likiandikwa litatoa 173? Tulijaribu kwanza kuikaribisha kila siku kwenye namba nzima iliyo karibu, kwa round. Ilitoka 178. Tukajaribu kukaribisha jumla ya wiki, ikatoka 177. Tukajaribu int, agizo linalokata kila kilicho baada ya nukta na kukitupa. Ikawa 31, 28, 35, 30, 27 na 22. Jumla 173.

Wenzake kumi na mmoja walileta madaftari na karatasi zao. Kwa kila mmoja, kukata kulitoa namba iliyo katika karatasi, na kukaribisha hakukutoa. Kilo 3.7 kwa wiki mtu anaweza kusema si kitu. Lakini shamba likiwa na wachumaji 400 wanaopoteza kiasi hicho, ni kilo 1,480 za majani kila wiki, zimechumwa, zimepimwa, zimekwenda kiwandani, na hazikulipwa.

Shamba hilo hatutalitaja kwa kuwa mazungumzo hayajakwisha. Ofisi ilijibu kwanza kwamba hakuna wa kulaumiwa, ndivyo mashine ilivyo. Jibu hilo huwatisha watu wasiojua programu. Aliyekwisha kuandika int kwa mkono wake anajua kwamba mashine haikujichagulia kukata, kuna mtu aliyeiagiza, na mtu huyo anaweza kuiagiza vingine. Tulipoweka mezani mistari mitano na madaftari kumi na mawili, mazungumzo yalibadilika. Tangu mwezi uliofuata nukta zinalipwa. Malimbikizo ya nyuma ndiyo tunayoyadai sasa.

Tunalisema hili pia kwa sababu ya yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na makosa, ukaonyesha upungufu wa fedha mahali ambapo hapakuwa na upungufu. Wasimamizi wa posta ndogo ndogo walipiga simu kuomba msaada, na wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliojiua. Wasimamizi hao walipoanza kutafutana, wakiongozwa na Alan Bates, ndipo waligundua kwamba swali lao lilikuwa moja. Mwaka 2019 mahakama kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa mkupuo.

Kwa hiyo kila swali la programu linaloletwa tawini tunaliandika katika daftari, hata likiwa dogo kama la koma, pamoja na jibu lake. Mwanachama mpya akikwama aombe daftari hilo kwanza kwa katibu. Darasa hukutana Jumamosi baada ya malipo, ofisini kwa tawi, na hakuna kiingilio. Walio mbali wanaweza kupeleka swali kwa mwakilishi wao likiwa limeandikwa kwenye karatasi, programu imenakiliwa yote, bila majina ya watu. Wanachama wa viwandani walio na karatasi za saa za ziada za miezi miwili iliyopita waje nazo Jumamosi ijayo, pamoja na kalamu, maana tutaanza kuzipitia zile saa zilizoandikwa kwa nukta.